Tulinakili Ua, Tukaliacha Lango

Kila video ya Mmarekani aliyelala peke yake msituni inapopita katika simu zetu, gari lake likiwa kando ya hema na sufuria ndogo ikichemka juu ya jiko la gesi, wanafunzi wenzangu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hucheka. Huo, wanasema, ni wazimu wa Wazungu: mtu mwenye nyumba na kitanda anakwenda kulala chini kama mkimbizi. Kundi la pili huona haya. Wenzetu wanapenda misitu, wanasema, sisi tunachojua ni kuchoma mkaa. Makundi haya huzozana hadi usiku wa manane, na kila moja hulala likiamini limeshinda.

Mimi nayapinga yote mawili. Yanatofautiana katika hukumu, lakini yamekubaliana katika kosa moja: yote yanadhani jambo hili ni la tabia. Mzungu ana moyo wa namna hii, Mwafrika ana moyo wa namna ile. Insha hii inadai kwamba moyo hauhusiki. Anayelala msituni Marekani bila kuulizwa amelazwa pale na sheria. Sheria hiyo ina historia, na historia hiyo ina watu waliofukuzwa. Sisi wa Afrika Mashariki tuliuchukua upande mmoja wa historia hiyo, ule wa kufukuza, tukauacha upande wa pili, ule wa kufungua. Tulinakili ua, tukaliacha lango.

Tuanze na mambo yalivyo. Serikali kuu ya Marekani inamiliki takribani ekari milioni 640, yaani zaidi kidogo ya robo ya nchi nzima. Sehemu kubwa iko magharibi. Katika jimbo la Nevada, takribani asilimia 80 ya ardhi ni ya serikali hiyo. Ardhi hii si ya aina moja. Ziko hifadhi za taifa, kama Yellowstone na Yosemite, ambazo msomaji amekwisha kuzisikia. Huko kuna lango la kulipia, na viwanja vya kambi ambavyo mara nyingi huna budi kuviwekea nafasi miezi kadhaa kabla. Lakini hifadhi hizo ni sehemu ndogo tu. Kubwa zaidi ni misitu ya taifa, 154 kwa hesabu, ambayo pamoja na nyika zake ina jumla ya ekari milioni 193. Inasimamiwa na Idara ya Misitu iliyoundwa mwaka 1905. Kubwa kuliko hata hiyo ni ardhi iliyo chini ya Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, iliyoundwa mwaka 1946: ekari milioni 245 hivi, nyingi zikiwa jangwa na vilima vikavu ambavyo hakuna mkulima aliyevitaka.

Katika aina hizi mbili za mwisho, sehemu nyingi, mtu anaweza kuiacha barabara kuu, akafuata njia ya vumbi, akaona mahali palipokwisha kutumiwa na wengine, akasimamisha gari na kulala. Halipi kiingilio. Hajazi fomu. Hakuna wa kumwuliza ametumwa na nani. Masharti yapo, ila ni machache na yanaeleweka. Usikae zaidi ya siku 14, zikiisha, uhame. Usipige hema ukingoni mwa mto au ziwa, jitenge nalo mita 60 hivi. Haja kubwa ichimbie shimo na uifukie. Ondoka na taka zako zote. Usiwashe moto wakati moto umepigwa marufuku. Choo hakuna, maji hakuna, taa hakuna, na gari likikuharibikia ni shauri lako. Ndiyo maana mtu mmoja mwenye gari kuukuu, madumu mawili ya maji na ramani anaweza kusafiri mwezi mzima kutoka Colorado hadi Utah hadi Arizona, akilala kila usiku mahali papya, na gharama yake kubwa ikawa petroli.

Sasa nirudi kwa wale wanaocheka. Wanasema kukaa peke yako porini si desturi yetu. Mwafrika ni mtu wa watu. Maneno haya yanapendeza masikioni, lakini hayana ukweli. Mrina asali alikwenda msituni na nani? Mchungaji wa Karamoja anayefuata majani ya msimu hulala wapi? Hata neno ambalo Wamarekani wanalitumia kwa matembezi ya aina hii, safari, limetoka katika lugha hii tunayoisomea shahada. Babu zetu walilala porini kwa sababu njia ilikuwa ndefu na pori lilikuwa wazi kwao. Tuliacha kulala porini pale tulipoambiwa pori si letu tena. Kusema sasa kwamba hatukupenda tangu mwanzo ni kumnyang'anya mtu kiti kisha kumsifu kwa kupenda kusimama. Wahenga walijua thamani ya mwendo hata usio na sababu, wakasema mkaa bure si sawa na mtembea bure.

Wale wanaoona haya nao wana hesabu mbaya. Wanadhani kila anayelala katika ardhi ya umma Marekani ni mpenzi wa ndege na miti. Waende, hata kwa kusoma tu, hadi Quartzsite, mji mdogo katika jangwa la Arizona. Kila majira ya baridi maelfu ya watu huegesha magari yao katika ardhi ya umma iliyouzunguka, na kwa kibali cha kulipia mtu huruhusiwa kukaa huko miezi saba, Septemba hadi Aprili. Wengine ni matajiri waliostaafu wanaokimbia theluji. Wengine ni wazee ambao kodi ya nyumba imewashinda. Gari ndilo nyumba, na jangwa ndilo kiwanja. Mwandishi Jessica Bruder aliandika habari za watu hawa katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikapata tuzo kuu ya Oscar mwaka 2021. Wapo pale kwa sababu lango liko wazi na penginepo pamefungwa.

Na mapenzi ya misitu, je, ni ya Wazungu peke yao? Aprili 2007, serikali yetu ya Uganda ilipotaka kuigawia kampuni ya sukari hekta 7,100 hivi za msitu wa Mabira, karibu robo ya msitu wote, watu wa Kampala waliingia barabarani. Maandamano yakageuka ghasia, watu wakapoteza maisha, na mpango ukasitishwa. Wengi wa walioandamana hawakuwahi kulala Mabira hata usiku mmoja. Waliujua msitu huo kwa kuupita ndani ya matatu wakielekea Jinja. Kama mtu anaweza kuandamana kwa ajili ya msitu aliouona dirishani, angefanya nini kwa msitu aliolala ndani yake?

Swali hilo Marekani imelijibu juzi tu. Juni 2025, seneta Mike Lee wa Utah alipendekeza mamilioni ya ekari za ardhi hii ya umma ziuzwe. Waliopinga hawakuwa wanaharakati wa mazingira peke yao. Wawindaji walipinga, wavuvi wa mitoni wakapinga, wapiga kambi wakapinga, na wengi wao ni wapiga kura wa chama chake mwenyewe. Kabla ya mwezi kwisha aliliondoa pendekezo. Walitetea mahali wanapopajua kwa miguu yao. Kwa hiyo wenzangu wanaosema tungojee wananchi waipende misitu ndipo tuwafungulie, wameliweka gari mbele ya ng'ombe. Mtu hukipenda alichokizoea, na hawezi kuzoea asikoruhusiwa kuingia.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani naiimba Marekani. Asubiri kidogo, maana lango hilo ninalolisifu lilijengwa katika ua wa watu wengine.

Chukua Black Hills, vilima vyenye misonobari katika jimbo la South Dakota. Leo ni msitu wa taifa wenye zaidi ya ekari milioni moja, na msafiri wa peke yake akipenda atapata njia ya vumbi na mahali pa kulala. Lakini mkataba wa Fort Laramie wa mwaka 1868 ulitamka kwamba vilima hivyo ni vya Walakota na ndugu zao. Mwaka 1874 dhahabu ikaonekana. Mwaka 1877 bunge la Marekani likavichukua. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikiri kwamba vilima vilichukuliwa bila malipo ya haki, na fidia pamoja na riba ikapita dola milioni 100. Walakota wakaikataa. Wakasema hawakuviuza vilima, wanavitaka vilima. Fedha hizo bado zimelala katika hazina ya serikali, zimezaa hadi kupita dola bilioni moja, na jamii ambazo baadhi ya wilaya zake ni maskini kuliko zote Marekani hazijazigusa. Kila hema linalopigwa pale limepigwa juu ya deni hilo.

Yellowstone nayo, hifadhi ya taifa ya kwanza ya Marekani, ilipotangazwa mwaka 1872, haikuwa nchi tupu. Washoshone, Wabannock, Wacrow na wengine walikuwa wakiishi, wakiwinda na wakipita humo kwa maelfu ya miaka. Waliondolewa, wakazuiwa kurudi, na kuanzia 1886 hadi 1918 hifadhi ikalindwa na jeshi. Kisha watalii wakaambiwa kwamba hapa ndipo asili ilipo, mahali ambapo mkono wa binadamu haujafika. Mkono wa binadamu ulikuwa umefika zamani sana. Ulikuwa umekatwa.

Hata walipoondoka wenyeji, lango halikufunguka kwa kila mtu sawasawa. Mmarekani mweusi aliyetaka kusafiri peke yake kwa gari katika miaka ya 1930 alihitaji kitabu cha kumwonyesha mahali ambapo angeuziwa chakula na kupewa kitanda bila kutukanwa au kupigwa. Victor Hugo Green, mfanyakazi wa posta wa New York, alianza kukichapa kitabu hicho mwaka 1936, na kikaendelea kutoka hadi miaka ya 1960. Katika Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, jimboni Virginia, kambi ya Lewis Mountain ilitengwa kwa ajili ya watu weusi. Wenzangu wanaouliza kwa nini katika video hizo hawaoni watu wanaofanana nasi, jibu mojawapo ni hilo. Mtu hurithi njia alizopita baba yake, na hurithi pia hofu ya njia ambazo baba yake alizikwepa.

Na leo? Juni 28, 2024, Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura sita dhidi ya tatu, iliamua kwamba mji wa Grants Pass, jimboni Oregon, unaweza kuwaadhibu watu wasio na makazi kwa kulala katika bustani na barabara za umma, hata kama hawana pengine pa kulala. Sheria ya mji huo ilihesabu blanketi na mto wa kulalia kuwa vifaa vya kupigia kambi. Si mbali na mji huohuo ndipo ulipo Msitu wa Taifa wa Rogue River–Siskiyou, ambako blanketi lilelile na mto uleule ni utalii. Umma ni mmoja, ardhi ni ya umma kote kuwili. Tofauti ni kwamba mmoja ana gari na petroli ya kumfikisha msituni, na mwingine hana. Asiye na gari hupigwa faini pale alipo.

Kwa hiyo sisemi tuige Marekani. Nasema tuangalie tulichokwisha kuiga.

Fikra ya Yellowstone ilivuka bahari. Wakoloni waliileta ikiwa kamili: chora mpaka, ondoa watu, weka askari, ita mtalii. Serengeti ilifanywa hifadhi mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai wakahamishiwa Ngorongoro. Uhuru ulipokuja, bendera zilibadilishwa na mipaka ikabaki. Sisi wenyewe, karibu miaka thelathini baada ya uhuru, mwaka 1991, tulitangaza Bwindi na Mgahinga kuwa hifadhi za taifa, na Watwa waliokuwa wakiishi na kutafuta riziki katika misitu hiyo tangu kabla ya sisi wengine kufika katika nchi hii wakajikuta nje ya mpaka. Wengi hawakupewa kipande cha ardhi. Wakawa vibarua katika mashamba ya majirani, na yule aliyerudi kurina asali akawa mhalifu katika msitu wa babu yake.

Mgahinga leo ina njia inayoitwa Njia ya Watwa. Mtalii hulipa, na Watwa humwonyesha jinsi walivyokuwa wakiwasha moto, wakiwinda na kutafuta dawa. Yaani Mtwa anaruhusiwa kuingia msituni kuigiza maisha ambayo amekatazwa kuyaishi. Huko Bwindi, mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa dola 800 kukaa saa moja na sokwe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja, kila siku anakuja. Mwenyeji yuko nje ya ua, na hajapona. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba Watwa waliondolewa bila fidia ya kutosha. Hukumu ni jambo jema, lakini Walakota wangeweza kutueleza umbali uliopo kati ya hukumu na ardhi.

Hapo ndipo ulipo ubaya wetu wa pekee. Marekani ilimfukuza mwenyeji, dhambi ambayo haijalipa, lakini angalau ikamwambia raia wa kawaida: sehemu kubwa ya ardhi hii ni yako, ingia, lala, ondoka na taka zako. Sisi tulimfukuza mwenyeji na bado tukamfungia raia. Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 237, inasema kwamba serikali inashika maziwa, mito, misitu ya akiba na hifadhi za taifa kama amana kwa niaba ya wananchi. Neno amana kila mwanafunzi wa Kiswahili analijua. Aliyewekewa amana hana haki ya kumwuliza mwenye mali anataka nini nayo.

Lakini anauliza. Mwaka jana niliingia katika ofisi moja inayohusika na misitu kuuliza jambo dogo: je, raia anaweza kulala usiku mmoja katika msitu wa akiba, na hema lake, bila mwongozaji? Mzee niliyemkuta hakuwa mkali. Alinikaribisha kiti.

"Mwanangu, umetumwa na chuo? Una barua?"

"Hapana, Mzee. Nauliza kwa nafsi yangu."

"Msichana peke yake msituni anafuata nini?"

"Kulala tu, Mzee, na asubuhi niondoke. Mgeni akija peke yake, naye huulizwa anafuata nini?"

"Mgeni analipa," akasema, na mazungumzo yakaisha.

Sitaitaja ofisi hiyo, kwa sababu tatizo si yule mzee. Alisema kwa maneno mawili kile ambacho sera zetu husema kwa kurasa mia. Msitu ni bidhaa, na mlango wa duka humfungukia mnunuzi. Raia ambaye hanunui kitu ni mwizi wa kuni anayesubiriwa kushikwa.

Najua yatakayosemwa. Watasema ukifungua misitu, watu wataimaliza. Nawauliza: ua umeiokoa? Mwaka 1990 misitu ilifunika takribani asilimia 24 ya Uganda. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa imebaki asilimia 9 hivi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa iliyopotea ilikuwa katika ardhi ya watu binafsi, lakini misitu ya akiba nayo haikupona. Na anayeimaliza ni yupi? Mwanafunzi mwenye hema la kulalia usiku mmoja hawezi kuficha lori la mbao. Tena msitu usio na macho ya raia ndani yake ndio msitu ambao lori hutoka usiku na asubuhi hakuna shahidi.

Watasema usalama. Hoja hii naiheshimu. Kuna hifadhi zetu zilizo mpakani ambako waasi wamewahi kuua watu, na hakuna mtu mwenye akili atakayedai lango lifunguliwe katikati ya vita. Marekani nayo hufunga sehemu zake wakati wa moto, au pale wapiga kambi wanapopageuza jalala. Lango ni kitu kinachoweza kufungwa kwa sababu na kufunguliwa tena sababu ikiisha. Ninachopinga ni kufunga kusiko na sababu inayotajwa. Nao wanaosema msichana hayuko salama peke yake wanasema kweli, ila wamekosea mahali. Mama yangu haogopi chui. Anaogopa wanaume, na hao hawaishi msituni.

Watasema mwisho kwamba ni anasa, kwamba nchi yenye njaa haina haja ya kambi. Wanaosema hivyo wamesahau kwamba anasa iliyopo sasa ndiyo ghali: nyumba za wageni zilizo kando ya hifadhi zetu, ambako usiku mmoja hula mshahara wa mwalimu wa mwezi. Nami naomba kipande cha ardhi tupu, shimo la choo nitakalolichimba mwenyewe, na ruhusa.

Basi nadai mambo mawili, na mpangilio wake una maana. La kwanza ni la Watwa, na kwa haki hiyohiyo ni la kila jamii ya Afrika Mashariki iliyotolewa msituni kwa jina la uhifadhi, wakiwemo Waogiek wa Mau ambao Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliwapa haki dhidi ya serikali ya Kenya mwaka 2017. Warudishiwe haki ya kuingia, kurina, kutibu, kuzika na kuishi, kwa masharti watakayoyaandika pamoja na serikali wala si kuandikiwa. Wawe walinzi wa misitu hiyo kwa mshahara na kwa mamlaka, maana waliilinda kabla ya sisi kuwa na neno la uhifadhi. La pili ni la raia. Katika misitu ya akiba isiyo na hatari, pawepo sehemu zilizotajwa wazi ambako mtu yeyote, mwenye gari au aliyeshuka kutoka katika basi, anaweza kulala siku chache bila malipo na bila barua ya chuo, kwa masharti yanayotosha kuandikwa katika karatasi moja.

Tukilitanguliza la pili tukaliacha la kwanza, tutakuwa tumejenga Black Hills yetu, tukilala vizuri juu ya deni. Tukilifanya la kwanza na kuliacha la pili, msitu utabaki ugomvi kati ya jamii ndogo na mtalii tajiri, na sisi wengine tutautazama kutoka dirishani mwa matatu.

Kwa hiyo wenzangu wa pande zote mbili, acheni kubishana kuhusu moyo wa Mzungu. Mwulizeni anayeshika ufunguo anaushika kwa niaba ya nani. Kwanza aingie Mtwa, kwa haki yake. Kisha aingie mwanafunzi na hema lake. Mwenye dola 800 hatuna haja ya kumwelekeza, njia anaijua.